Shuka la Themanini na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wetu anastaafu Ijumaa. Meneja katangaza asubuhi kwamba atamchagua mmoja wetu kushika nafasi yake. Nimejiangalia kwenye kioo cha mashine ya kukaushia. Uso wa msimamizi huu hapa! Kitambi kipo, mvi zipo. Kilichobaki ni cheo.

Chumba cha kufulia cha hospitali kina wakunjaji wanane, wawili wawili, maana shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mwenzangu ni Shemeji, kaka wa mke wangu. Mama Pasi ndiye anayenyoosha. Kila jozi hukunja mashuka themanini kwa siku. Yakifika, Mama Pasi anaisimamisha pasi yake wima, na wote tunaacha, hata kama shuka liko hewani. Halafu chai. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo popote. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hapa, na sijawahi kuona la themanini na moja.

Kesho wataliona.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia Shemeji tuongeze ishirini. Akaniuliza kama nina homa. Pasi iliposimama, akaachia ncha zake mbili chini na kwenda kuchukua kikombe. Nikamwita. Akasema yeye hasikii vizuri baada ya themanini.

Nikaendelea peke yangu. Ncha moja nikaibana kwa kidevu, nyingine nikaikanyaga, ya tatu nikaifunga kwenye kitasa cha mlango. Mpango mzuri kabisa! Meneja akafungua mlango kutoka upande wa pili. Nikaenda nao. Akauliza ni nani huyo aliyejiviringisha. Nikajibu kutoka ndani ya shuka kwamba ni mfanyakazi mwenye bidii.

Jumla: themanini na matatu. Nimeandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa. Meneja kasimama akaisoma mara mbili. Nyumbani nimemwambia mke wangu aanze kuzoea kuitwa mke wa msimamizi. Akasema kwanza niondoe chaki masikioni.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kahamia jozi ya jirani. Sasa wako watatu kwenye shuka moja, na wanaonekana kustarehe. Nikashika ncha zangu mbili nikasubiri. Zile mbili nyingine zikalala sakafuni zikinitazama.

Chai imenipita kana kwamba mimi ni nguzo. Mama Pasi kauuliza ukuta kama umesikia habari za mtu anayetaka kuwa mkubwa kwa mashuka matatu. Ukuta haukujibu. Watu wakacheka kwa niaba yake.

Nimekunja kumi na mawili. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua tatizo: timu haina umoja. Nimebandika ukutani karatasi yenye Kanuni Kumi za Umoja. Ya kwanza: kila mtu atabasamu anapoingia. Ya sita: hakuna kumnunia mwenzako. Kabla ya saa nne karatasi ilikuwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia, lazima niseme.

Mchana Shemeji kanivuta kando, nyuma ya mapipa ya sabuni. Akasema, Shem, wewe ni mzee lakini huna akili. Akanieleza. Miaka mingi kabla sijaajiriwa, mtu mmoja alikunja mia kwa siku, kutafuta sifa. Wiki iliyofuata, wakubwa wakasema basi mia ndiyo kazi ya kila jozi. Tena wakapiga hesabu, wakaona jozi moja imezidi. Watu wawili wakaenda nyumbani. Mmoja alikuwa dada yake Mama Pasi. Ilichukua miaka mitatu ya kwenda taratibu, wote pamoja, mpaka ikarudi themanini.

Nikauliza mbona hakuna aliyeniambia. Akasema kila mtu mwenye macho anajua.

Meneja kasema kesho atakuja na saa yake kuona kama themanini na matatu inawezekana kwa wote.

Sikumaliza chakula. Mke wangu akauliza kaka yake akifukuzwa atahamia kwa nani. Tukaangalia kochi.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja alikuja. Shemeji akarudi upande wangu. Tukakunja. Themanini. Pasi ikasimama wima. Wote wakaacha.

Meneja akanigeukia: wewe ndiye wa themanini na matatu, endelea. Shuka lilikuwa mikononi mwangu. Cheo kilikuwa kwenye shuka lile. Nikamtazama Shemeji. Hakuachia ncha zake, aliniachia mimi niamue.

Nikasema, Mheshimiwa, Jumanne nilihesabu vibaya. Yalikuwa themanini. Mimi na hesabu hatujawahi kuelewana tangu shule.

Meneja akasema mtu asiyejua kuhesabu hawezi kusimamia chochote, akalifunga daftari lake. Cheo kampa Mama Pasi, kwa kuwa, alivyosema, inaonekana chumba kizima kinamsikiliza bila yeye kusema kitu.

Kikombe cha kwanza cha chai nimeletewa mimi. Mama Pasi kanipa kwa mikono miwili, akaniita baba. Nimeungua ulimi, nikanywa hivyo hivyo.

Jumatatu, 11 Machi
Wiki mpya, amani tele. Shemeji ananitania. Mimi ni mtu mwingine kabisa.

Leo hospitali imeleta taulo mpya, marobota matano. Nimezichunguza. Taulo hukunjwa na mtu mmoja! Wala hakuna aliyesema zikunjwe ngapi. Wenzangu wanakunja polepole mno, maskini, labda bado hawajazizoea. Nimefika mia na kumi kabla ya chai, na meneja anapita saa nne.

Chumba kizima kimenyamaza. Nadhani wanastaajabu.