Pijo ya Baba na Rejeta Yenye Kiu

Jumatatu, 2 Juni

Pijo imechemsha tena. Imetoka nyumbani hapa Makwale ikafika kwenye mashine ya kukoboa mpunga tu, mshale wa joto ukagonga mwisho. Asubuhi niliijaza maji ndoo nzima. Yamekwenda wapi? Chini hakuna hata dimbwi. Ajabu! Nimelala chini ya gari nikichunguza, hadi Atupele, mke wangu, akaja kuuliza kama nimekufa.

Lakini hapa hakuna utani. Jumamosi Tumaini anaolewa. Ni binti wa marehemu dada yangu, na dada alitoka nyumbani kwetu siku ya harusi yake ndani ya Pijo hii hii, baba akiwa kwenye usukani. Tumaini amesema hataki gari jingine lolote. Mimi ndiye mjomba. Nitamfikisha kanisani Kyela mjini, hata kwa kuipepea injini kwa ungo.

Jumanne, 3 Juni

Amekuja Andongwisye, fundi rejeta wa Ipyana. Kuchungulia kidogo tu, hukumu! Rejeta ishushwe, isafishwe, matundu yachomelewe, mipira ibadilishwe. Hatamaliza kabla ya harusi. Kwa hiyo bibi harusi apande Noah yake. Aha! Mwenye Noah haoshi macho bila kuona ugonjwa kwenye gari la mwenzake. Nimemwambia ndaga fijo, asante sana, nikamsindikiza hadi barabarani nihakikishe ameondoka.

Nitaitibu mwenyewe. Kuna kidude kinaitwa themostati. Maji yakipata moto kinafunguka, yanapita kwenda kupoa kwenye rejeta. Kinajuaje? Nani anakiambia? Nimekichomoa, nikakichemsha kwenye sufuria ya Atupele. Maji yakatokota, na chenyewe, taratibu, kikafunguka! Nikakitoa kwenye maji. Kikajifunga! Nimerudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Atupele amelalamika kwamba sufuria ile ni ya maharage na sasa inanuka gari. Hana udadisi kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Themostati ni nzima. Basi ni matundu. Nimeyaona, madogo, upande wa chini wa rejeta. Maji yanadondokea chuma cha moto na kugeuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Kumbe! Ndiyo maana hakuna dimbwi. Nimefurahi kana kwamba nimeshatengeneza.

Mchana jawabu likanijia mezani. Wali! Maji ya wali yalikuwa yamefurika na kukauka ubavuni mwa sufuria, yanagoma kutoka hata kwa kisu. Shuleni tulikuwa tunagandisha bahasha kwa punje za wali. Wengine wana gundi zao za dukani. Sisi tuna mchele wa Kyela, ambao watu wanaufuata kutoka Dar es Salaam.

Nimetoboa kopo kwa msumari, nikatia uji wa mchele, nikalitenga jikoni. Likadondosha, likadondosha, likanyamaza. Nimepiga yowe. Majirani wamekuja na fimbo wakidhani nimeona nyoka.

Ijumaa, 6 Juni

Uji umeingia kwenye rejeta. Nimekwenda hadi Ipyana na kurudi. Mshale katikati! Hakuna tone! Nimepita mbele ya karakana ya Andongwisye nikipiga honi. Nilipogeuza nimepita tena, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa ameinama.

Jioni nikajiuliza: kama uji mwepesi umeziba hivi, mchele wenyewe je? Nimeongeza viganja viwili vya mchele mkavu. Kwa usalama.

Jumamosi, 7 Juni

Tumaini alipoiona Pijo na maua yake kwenye boneti, alishika mlango. Akasema mama yake alikaa kiti hiki. Nilikaribia kulia.

Kabla ya Ipyana tukasikia harufu nzuri. Nikasema wapishi wa sherehe wameanza mapema. Kisha mshale ukapanda. Kisha kitu cheupe kikatoka chini ya boneti. Nilisubiri kidogo, nikalegeza kifuniko kwa kitambaa, na wali ukapanda ukamwagika. Wali! Mashangazi walishuka kwenye magari ya nyuma. Mmoja akasema kiini hakijaiva. Mwingine akabisha, akasema maji ndiyo yalikuwa machache. Hakuna aliyeuliza habari za injini.

Tumaini alishusha kioo.

"Mjomba, umepika?"

Nikamwambia nimeziba. Alinitazama, akakusanya gauni lake, akahamia kwenye Noah iliyokuwa ikitufuata. Andongwisye alimfungulia mlango bila kunicheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nimefika kanisani kwa bodaboda, wameshavishana pete. Nimeumia. Naandika hivyo hivyo: nimeumia sana.

Jumatatu, 9 Juni

Andongwisye ameshusha rejeta na kuichukua. Amesema ndani kuna kiporo, na kwamba katika maisha yake yote ya ufundi hajawahi kukwangua ukoko kwenye gari.

Alasiri Tumaini amekuja na mumewe kusalimia. Nilijificha stoo, Atupele akanitoa. Tumaini alicheka, kisha akafuta machozi, akanishika mkono.

"Mtoto wangu wa kwanza atakwenda na gari la babu kubatizwa. Lakini rejeta aishike Andongwisye. Niahidi, mjomba."

Nimeahidi. Kwa moyo wangu wote. Sitagusa.

Walipoondoka nikakaa nikiwaza. Kopo liliziba. Safari ya Ipyana ilikwenda vizuri. Sasa kilichoharibika ni nini? Nimezunguka uani hadi nikakipata. Mchele ule ulikuwa wa msimu huu! Mchele mpya unalainika upesi, kila mtu Kyela anajua. Wa mwaka jana ungeshika na kutulia.

Nimemtuma Atupele kwa mama yake akaombe kisado kimoja cha mchele wa zamani. Ameniuliza ni wa nini. Nimemwambia wa kula.