Rex Valmont Hatangulii Bingo

Jumatatu, 5 Novemba 1979
Wakala wa wasanii kutoka London anakuja Jumamosi! Klabuni kwetu, klabu ya wachimba makaa, hapa hapa Barnsley. Anatafuta mwimbaji wa kiangazi kijacho kule Blackpool, mji wa starehe wa pwani. Atafute nini tena? Mwaka 1970 wimbo wangu wa "Usilie, Jacqueline" ulishika namba thelathini na nane nchi nzima. Mke wangu Maureen mpaka leo anauliza Jacqueline ni nani. Amesema wakala akinikataa, basi, nikauze mazulia dukani kwa kaka yake Norman. Mimi, Rex Valmont! Thubutu.

Jumatano, 7 Novemba
Fitina! Mzee Clegg, katibu wa burudani, kanipanga kabla ya bingo, ule mchezo wao wa kubahatisha namba. Nani husikiliza kabla ya bingo? Watu wanagombea viti na bia. Baada ya bingo kapewa Gary Sykes, kijana mwenye meno mengi kuliko sauti. Nikamwambia Clegg hiyo ni dharau. Akanijibu hata Malkia akija, atasubiri bingo iishe. Tutaona.

Ijumaa, 9 Novemba
Dawa imepatikana. Mipira yote ya bingo, ile midogo yenye namba, nimeitumbukiza ndani ya ngoma kubwa ya Ken, mpiga ngoma wa klabu. Saa ya bingo ikifika watakaa na kalamu mkononi, kimya, hawana la kufanya. Ndipo nitakapowaimbia. Akili ni mali!

Jumapili, 11 Novemba
Bado nanuka pai ya nyama.

Mambo yalianza vizuri. Clegg alitafuta mipira mpaka chini ya meza. Ukumbi mzima ukatulia. Nikaimba ubeti wa kwanza, hata mtu hakukohoa! Kwenye kiitikio Ken akapiga ngoma yake. Kachakacha, kachakacha! Mama Ollerenshaw wa meza ya mbele akaruka juu, akapiga kelele kwamba ile ni mipira yao na mimi ni mwizi mkubwa. Pai zikaanza kuruka. Nikavuta sauti ya mwisho. Pai moja ikanipata shingoni. Sikuishusha sauti!

Wakala akanifuata nyuma ya jukwaa, machozi yanamtiririka. Nikajua nimemgusa moyo. Kumbe kicheko! Akasema hajacheka hivyo tangu azaliwe. Anataka nikafanye vile vile Blackpool kila siku, kiangazi kizima, mipira, pai na yote. Nikamwambia mimi ni mwimbaji wa mapenzi, si kichekesho cha mtu.  Akamchukua Gary.

Maureen akampigia simu Norman. 

Alhamisi, 15 Novemba
Dukani. Norman kanikataza kuimba, eti nafukuza wateja. Hasidi tu, hana sikio.

Jumamosi ni siku ya punguzo. Barnsley nzima itajazana hapa kugombea mazulia. Lakini zulia halikatwi bila kupimwa, na futi zote za kupimia ziko ndani ya koti langu. Watake wasitake, watasimama wasubiri.

Nitaanza na "Jacqueline".