Kilo Sabini na Nane

Jumatatu, 10 Juni

Shokapu za mbele za pikipiki yangu zinavuja oili. Si kidogo! Zimechora mstari sakafuni kutoka mlangoni hadi jikoni. Mke wangu kauliza nani kamwaga mafuta. Nikasema paka. Hatuna paka.

Jumapili ni mbio za matopeni. Na mimi, kwa mdomo wangu huu huu, niliapa mbele ya ukoo mzima: nisipomaliza, namkabidhi shemeji pikipiki. Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Mwembamba kama ufito, na huanza kucheka kabla sijasema neno.

Jumanne, 11 Juni

Dawa imepatikana. Soksi! Nimezikata vidole, nikazivisha shokapu. Oili haionekani tena. Akili ni mali.

Jioni mke wangu alizitafuta soksi zake za kazini. Nikamsaidia kutafuta, saa nzima.

Jumatano, 12 Juni

Soksi zimelowa chapachapa. Ikabidi niende kwa fundi. Ni mama mmoja mfupi, hana maneno mengi. Kazivua soksi kwa vidole viwili, kazitundika kwenye msumari mbele ya wateja. Mke wangu, aliyenisindikiza, kazitambua papo hapo.

Fundi kauliza tope lililokauka kwenye shokapu nililikwangua kwa kitu gani. Kitambaa, nikasema. Kasema kitambaa hakichani sili. (Kilikuwa kisu cha jikoni.) Atatia sili mpya, ile mipira inayozuia oili, kisha atakaza springi kulingana na uzito wangu. Kilo ngapi?

Nikavuta tumbo ndani. Sabini na nane. Mke wangu akakohoa.

Ijumaa, 14 Juni

Loo! Mashimo yote ya mtaani nimeyapita kama niko juu ya godoro. Hakuna hata tone. Nimepita mbele ya nyumba ya shemeji mara nne. Mara ya tano alitoka nje, nikajifanya sijamwona.

Nilimwambia fundi aone jinsi mwili wa kilo sabini na nane unavyotulia. Akainama kutafuta spana aliyokuwa ameishika.

Jumamosi, 15 Juni

Nimedhalilishwa! Chini ya kiti nimekuta karatasi ya fundi: springi, kilo 103. Mia na tatu! Mke wangu kakiri bila haya kwamba alirudi kumnong'oneza fundi uzito wangu. Eti hataki kuwa mjane kwa sababu ya aibu ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimechukua spana, nikalegeza nati za juu ya shokapu mpaka nikaridhika kuwa ni za mtu wa sabini na nane.

Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa wa tatu! Wa tatu, mpaka ule mruko wa pili. Nilipotua, shokapu zikazama hadi mwisho, chuma kikagonga chuma, sili zikapasuka, oili ikarukia breki ya mbele. Nikashika breki. Breki haikushika kitu. Nikaishia mtaroni. Walikuja watu wanne kuninyanyua, wakamwita wa tano.

Shemeji hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliipokea pikipiki kwa mikono miwili, akasema pole sana, shemeji. Nyumbani nililia kidogo, bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatano, 19 Juni

Shemeji kaja. Fundi keshatia sili nyingine. Shemeji kasema dada yake kamwombea mtu fulani, basi nitaiendesha pikipiki Jumapili moja kila mwezi. Moyo ulinijaa. Kijana ana utu, sikujua.

Ila fundi anataka uzito wangu, aandike vipimo vyangu kando ya vya shemeji. Shemeji kanisihi safari hii niseme kweli tupu. Mke wangu akaacha kumenya vitunguu.

Nikafikiri kwa makini. Mtu hawezi kuanguka vile, akakaa siku tatu bila hamu ya kula, akabaki vilevile.

Sabini na sita, nikasema.