Nusu ya Salamu Maria

Jumatatu, 25 Mei

Padri Hieronim ametangaza kwamba kiongozi mpya wa kikundi chetu cha Rozari atachaguliwa Jumapili. Tuko ishirini, mke wangu akiwemo. Kila mmoja anasali fungu moja kwa siku, yaani Salamu Maria kumi, nyumbani kwake, na mafungu yote yakijumlishwa yanakuwa rozari kamili. Akikosa mmoja, mnyororo umekatika. Kiongozi ndiye atakayebeba bendera kwenye maandamano ya Ekaristi, Alhamisi ya wiki ijayo.

Bendera hiyo ni yangu. Nimeandika vijitabu vitatu juu ya sala ya kila siku, kimoja cha kurasa tisini. Askofu mwenyewe alijibu barua yangu ya kumi na moja, akiniomba nisiandike ya kumi na mbili.

Mpinzani: Wacław Drozd, jirani, mfuga nyuki, aliyefiwa na mkewe wakati wa baridi. Hajaandika hata mstari mmoja. Watu wanampenda. Hapo ndipo Ukristo ulipofika.

Mke wangu Leokadia, akimenya viazi, aliuliza fungu langu mwenyewe nililisali lini mara ya mwisho. Nikamjibu kwamba anayelinda ngome hana nafasi ya kulala ndani yake. Akasema basi mlinzi akatupe takataka.

Jumanne, 26 Mei

Padri anataka mtu asiyekosa hata siku moja. Vema. Nitathibitisha kwamba Drozd anakosa.

Saa kumi na mbili jioni huketi kwenye benchi karibu na mizinga yake. Nilijibanza nyuma ya uzio wa mawaridi, daftari mkononi. Ushindi! Anasali nusu tu. Anaanza "Salamu Maria, umejaa neema", anafika kwenye jina la Yesu, kisha kimya. Kimya cha pumzi kadhaa. Halafu anaanza tena. Mara kumi. Nusu kumi ni tano kwa hesabu yoyote. Mlaghai.

Jambo moja dogo. Kila aliponyamaza, mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu." Chini chini. Hapa kwetu mmoja akianza, mwingine anamalizia. Bibi yangu alitufundisha hivyo kwa mwiko wa jikoni. Haihesabiki kuwa sala.

Jumatano, 27 Mei

Nusu tena. Nilitia leso mdomoni nisijibu. Nyuki akanichoma puani, leso ikaanguka, nikajibu zote kumi huku nalia.

Leokadia alikutana na Drozd kwenye duka la mkate. Eti alimuuliza, "Mzee wako mzima? Kama ana mafua, nina asali." Ananinunua kwa asali.

Alhamisi, 28 Mei

Nimempelekea padri kurasa sita: Uzembe wa Nusu. Akanipigia simu, akasema hachagui viongozi kwa ripoti za wapelelezi. Nikamwambia aje asikie kwa masikio yake, la sivyo ninamwandikia Askofu ile ya kumi na mbili. Akasema Jumamosi ana nafasi.

Ijumaa, 29 Mei

Mvua. Nilikwenda na mwavuli. Drozd naye alikuwa na mwavuli. Tulisali mpaka mwisho.

Nimekosea kuandika. Yeye alisali. Mimi nilifanya utafiti.

Jumamosi, 30 Mei

Aibu.

Padri alichuchumaa nami nyuma ya uzio, kanzu imenaswa na miiba. Drozd akaanza, akanyamaza. Nikampiga padri kiwiko: si unaona? Na padri, badala ya kuona, akajibu, kwa sauti yake ya altareni. Nami nikajibu pamoja naye. Mara kumi.

Drozd hakugeuka. Alisema, "Padri, tokeni huko, mawaridi hayo hayana adabu. Na wewe Seweryn, ile ya nne leo umechelewa."

Kisha akaeleza. Miaka thelathini na minane yeye alianza, mkewe Jadwiga akamalizia. Tangu amzike, sehemu ya Jadwiga hawezi kuitamka kwa sauti. Anamalizia moyoni, lakini kwanza anamwachia nafasi yake. Tangu Jumanne kuna mtu anaijaza, na alijua ni mimi, kwa sababu ninapiga chafya kama farasi. Hakusema kitu. Aliogopa nitaacha kuja.

Padri alinitazama. Nikalitia daftari mfukoni.

Jumapili, 31 Mei

Drozd alisimama mbele ya kikundi, akasema Seweryn amesali naye kila jioni, kwenye mvua, pua imevimba, na kwamba yeye anajitoa. Nimepata kura kumi na tisa. Leokadia hakupiga kura, alikuwa anacheka.

Hakuna aliyetaja vijitabu vyangu. Hata mmoja.

Alhamisi, 4 Juni

Nimebeba bendera. Upepo ulinipeleka kidogo, mlingoti mbele, kwa mpiga tarumbeta wa bendi ya zimamoto, lakini amesema jino lililong'oka lilikuwa bovu tangu zamani.

Jioni nilianza kijitabu cha nne: Kwa Nini Hawasali Tena. Uzioni sijaenda tangu Jumamosi. Niende kufanya nini? Uchaguzi umekwisha.

Joto, madirisha wazi. Saa kumi na mbili Drozd akaanza. Akafika kwenye jina la Yesu. Akanyamaza.

Anangoja. Mtu hawezi kuandika hata sentensi moja kuhusu sala wakati jirani anangoja hivyo. Nilivumilia pumzi tano. Kisha nikatoa kichwa dirishani nikamjibu kwa nguvu zote, ili aendelee, amalize, aniache. Mara kumi. Leokadia naye akawa anaitikia kutoka jikoni, mikono kwenye unga.

Jumamosi, 6 Juni

Robo saa imepotea tena. Jana vilevile, na juzi. Nimemwandikia padri kurasa nne: kiongozi wa kikundi, mwenye jukumu la kutetea sala ya kila siku, hawezi kufanya kazi yake ikiwa kila siku anasalishwa.