Wazururaji Kumi na Wawili wa Mama Kamili

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia tarehe mosi Septemba 1983 mti wowote katika Tarafa ya Nyamhwela hautaruhusiwa kuchipua, kuchanua wala kupukutisha majani bila ofisi kujua. Muhuri wa tatu ulikuwa wa kuidhinisha ngozi za ng'ombe, lakini wino wake ulikuwa mzuri, na barua nzito haipendezi ikiwa na mihuri miwili.

Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Wataalamu wa huko juu walikuwa wameandika kwamba majira yanabadilika, na kwamba mimea ndiyo hujua kwanza. Kila tarafa iandike siku miti inapotoa majani, mwaka hadi mwaka, ili nchi ijue mvua inaelekea wapi. Ndugu Ngassa, Katibu Tarafa, aliisoma barua hiyo ya wataalamu mara mbili na akaudhika. Haiwezekani mti ujue jambo kabla ya Katibu Tarafa. Akaunda Kamati ya Nyakati za Mimea, akajiteua mwenyekiti, na katika kikao cha kwanza, kabla jani hata moja halijatazamwa, kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba mvua itaanza katikati ya Oktoba, na kila kaya itapanda mbegu zake zote tarehe kumi na tano.

Kazi ya kutazama majani yenyewe akapewa Pantaleo, bwana shamba msaidizi, kwa kuwa alikuwa na baiskeli.

Pantaleo alikuwa mwoga na mkweli, na hayo mawili yakikutana kwa mtumishi mmoja humletea vidonda vya tumbo. Alipanda baiskeli yake hadi kijiji kilichoko nje kidogo ya barabara ya Runzewe, kwa Mama Kamili, kwa sababu kila aliyemuuliza habari za miti alimwelekeza huko. Mungu alimpa mama huyu mtoto mmoja tu, Kamili, na misheni ilimpa kalenda yenye majina ya watakatifu wa mwaka mzima. Majina aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya watoto waliobaki, alipoona hawaji, akaipa mitundu, ile miti ya miombo, kumi na miwili iliyosimama nyuma ya nyumba yake, mpakani mwa ngitili, ile nyasi inayotengwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Kila mwaka aliandika daftarini siku ambayo kila mti ulitoa majani. Madaftari yalikuwa saba.

"Shikamoo, Mama Kamili."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Jua lote hili, umefuata nini?"

"Ofisi inataka kujua miti inatoa majani lini."

"Si ofisi iiulize miti?"

"Ndiyo nimekuja, mama."

Akamwonyesha mmoja mmoja. "Telesphori huyu, nilipoolewa hapa, Septemba ilikuwa haijafika katikati ameshavaa. Mwaka Kamili anapata kipaimara, akavaa mwezi unaisha. Siku hizi mpaka Oktoba ndani, na mvua nayo inarudi nyuma vile vile. Wanafuatana kama ng'ombe na mkia wake."

"Na wa mwisho ni nani?"

"Mektilda. Huyo hadanganyiki. Wenzake wingu likipita tu wanavaa. Mektilda akivaa, hesabu siku saba, panda. Hajavaa na wewe unapanda? Umewalisha mchwa."

Pantaleo aliandika yote. Fomu za mimea zilikuwa hazijachapwa, maana mwaka ule karatasi ilikuwa adimu kama sabuni. Fomu zilizojaa ofisini zilikuwa za Nguvukazi, kampeni ya kuwasaka wazururaji na kuwapeleka mashambani. Zilikuwa na nafasi ya Jina la Mhusika, Mahali Alipokutwa na Hali Aliyokutwa Nayo, na Pantaleo akaona zinatosha. Akajaza: *Telesphori, nyuma ya nyumba ya Mama Kamili, yuko uchi, amesimama tu. Ansgar, hapo hapo, uchi. Lukresia, uchi, amemwegemea Ansgar.* Na kadhalika hadi Mektilda. Kisha akaandika kikaratasi cha kueleza kwamba wahusika ni miti, akakibana kwa mwiba wa mgunga, kwa kuwa pini nazo hazikuwepo. Njia ya Runzewe ina mashimo. Mwiba ulichomoka, fomu zikafika, kikaratasi hakikufika.

Ndugu Ngassa alizisoma akasimama. Watu kumi na wawili, wake kwa waume, uchi, mchana kweupe, ndani ya tarafa yake, na mmoja kamwegemea mwenzake. Akamtuma Mageni, kamanda wa mgambo, na askari wanane na kamba.

"Telesphori yuko wapi?" Mageni aliuliza.

"Huyo hapo nyuma yako," Mama Kamili akajibu.

Mageni aligeuka haraka, rungu juu, akatazama, akalishusha rungu. Akauliza habari za Ansgar, akaonyeshwa. Alipofika kwa wa tano alivua kofia na kuomba maji ya kunywa. Jioni alisimama mbele ya meza ya Katibu Tarafa.

"Ndugu Katibu, wale watu ni miti."

Ndugu Ngassa alifikiri kwa muda unaolingana na cheo chake. "Wamekiri?"

"Hawakukana, Ndugu Katibu."

Ofisi haikosei, na kama haikosei basi hati ya kukamata haikukosea. Ikaamuliwa kwamba mitundu ile ni wazururaji wa aina yake: inakaa kwenye ardhi ya taifa, haizalishi, na inaeneza maneno ya kukatisha wananchi tamaa ya kupanda. Ikapewa hadi tarehe kumi na tano Oktoba iwe imevaa. Isipovaa, itakatwa ichomwe mkaa, wa kwanza akiwa Mektilda, ambaye ushahidi ulionyesha kuwa ndiye kiongozi.

Tarehe kumi na nne ilifika. Mbingu ilikuwa nyeupe, vumbi limelala juu ya kila kitu, na Mektilda yu uchi kama alivyozaliwa. Kijijini kila nyumba ilikuwa na mashada machache ya mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa haba, watu walishakula hadi karibu na mbegu, na nyingine hazikuwepo, si dukani wala kwa jirani. Mashada hayo yakiingia kwenye vumbi kesho, kijiji kitakufa njaa. Pantaleo alilijua hilo, nalo lilimnyima hamu ya kula.

Ndugu Ngassa alimwita ofisini. "Mkoa unataka taarifa. Andika wote kumi na wawili wamevaa."

"Hawajavaa, Ndugu Katibu."

"Sikuwauliza wao. Nimekuambia wewe uandike."

Pantaleo alitazama kalamu. Alikuwa na watoto watatu na mshahara mmoja. Woga wake ukamsukuma kuandika, ukweli wake ukamshika mkono, na hapo katikati, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akapata akili.

"Ndugu Katibu, nikiandika wamevaa, lile shoka je?"

"Shoka limefanya nini?"

"Mti ulioripotiwa una majani haukatwi kwa kosa la kukosa majani. Mkaguzi wa Mkoa akija ataona kisiki, atauliza ni cha nani."

Ndugu Ngassa aliona hoja hiyo ina utaratibu ndani yake. Akasitisha shoka kwa barua yenye mihuri miwili. Pantaleo akaandika kwamba wamevaa, kisha akaendesha baiskeli moja kwa moja hadi kwa Mama Kamili kuungama.

"Nimeandika uongo, mama."

"Umemwokoa Mektilda. Toba yako itakuwa kesho: uandike kweli tupu." Akamsogezea kigoda. "Hiyo kesho ya kupanda, barua yenu inasema Katibu atakagua nini?"

"Mistari. Atapita na gari kuhesabu mistari."

"Mbegu atazifukua?"

"Hawezi. Hashuki kwenye gari, viatu vyake ni vipya."

"Wabeja," alisema Mama Kamili, yaani asante, akaenda kuwaona majirani.

Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa shambani, kikiimba. Mbele walitangulia wenye majembe, wakifungua mistari iliyonyooka. Walifuata akina mama wenye vibuyu vitupu, wakiinama na kufumbua viganja kila hatua. Nyuma wakaja wa kufukia kwa miguu. Ndugu Ngassa alipita na Land-Rover, akapunga mkono, na Pantaleo akaandika: *Mistari elfu moja mia mbili imefunguliwa na kufukiwa vizuri.* Hapakuwa na neno la uongo ndani yake.

Shamba la Mfano la Katibu Tarafa, ekari ishirini kando ya barabara, lilipandwa siku hiyo hiyo, na huko hapakuwa na mzaha. Mbegu bora zote zilizoletwa ghala la tarafa ziliingia ardhini, moja moja, chini ya usimamizi wa mgambo. Jua likazioka kwa wiki sita. Zilizobaki walizila mchwa, kwa kauli moja.

Mektilda alivaa tarehe ishirini na tatu Novemba, majani mekundu kama kitenge kipya. Mama Kamili akaandika daftarini, akahesabu siku saba. Mashada yakashuka kutoka moshini, na mvua ikayakuta mistarini. Kufikia katikati ya Desemba mahindi ya kijiji yalikuwa yanafika kwenye muundi wa mguu, na Mkoa ukaandika kwamba mkaguzi atafika baada ya wiki mbili kuona Shamba la Mfano.

Ndugu Ngassa alikuja kwa miguu, debe tupu mkononi. Mama Kamili alikuwa shambani, kwa hiyo akasimama kumngoja chini ya Mektilda, tangu saa mbili hadi jua likawa utosini. Mama alipotokea, alikuwa na Pantaleo, aliyekuja kupima mahindi.

"Mama Kamili, naomba mbegu. Hata nusu debe."

"Zilizobaki zipo. Lakini ninyi ndio mliotufundisha utaratibu, baba. Lazima kwanza fomu."

"Pantaleo, jaza," Ndugu Ngassa akasema, macho yakiwa jikoni, kwenye mashada mawili ya mwisho.

Pantaleo hakuwa na fomu nyingine zaidi ya zile za siku zote. Akajaza polepole, kwa mwandiko mzuri. Jina la Mhusika: Ngassa. Mahali Alipokutwa: nyuma ya nyumba ya Mama Kamili. Hali Aliyokutwa Nayo: amesimama tu tangu asubuhi, debe tupu mkononi, hana shamba. Ndugu Ngassa akaweka sahihi bila kusoma, kama alivyozoea, akapokea shada moja, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe akasema asante.

Jioni ile Pantaleo aliiweka fomu hiyo juu kabisa ya furushi la Nguvukazi linalokwenda Mkoani. Akaandika na kikaratasi cha maelezo, ili pasitokee utata tena: *Huyu si mti.*

Safari hii alikibana kwa miiba miwili.