Tone la Ziwa na Ufunguo wa Labo

Jumatatu, 7 Oktoba
Shule imepata mikroskopi. Moja tu. Prefe, mkuu wetu, ametangaza: Jumamosi, mbele ya wazazi, mwalimu atakayeonyesha vijidudu vikiwa hai ndiye atakayekabidhiwa ufunguo wa labo, maabara yetu. Tuko wawili. Mimi, Norbert, mkongwe wa biolojia ya ubaoni, na Madame Fabiola, aliyekuja juzijuzi. Namhurumia.

Jumanne, 8 Oktoba
Fabiola ameloweka nyasi kavu za mpunga kutoka Luberizi ndani ya chupa ya mayonezi. Eti vijidudu vitazaliana humo. Inanuka. Nimemweleza prefe, kwa unyenyekevu, kwamba harufu ile ni hatari kwa wanafunzi. Akasema hiyo ndiyo harufu ya kazi. Sikupenda.

Alhamisi, 10 Oktoba
Wazo! Ziwa lote liko hapo chini, nani ahangaike na nyasi? Nitachota Jumamosi asubuhi. Nimejizoeza: tone moja juu ya kioo, kisha kile kioo chembamba cha kufunikia. Kitabu kinasema kishushwe kwa mshazari, polepole, hewa isinaswe. Kitabu kinapenda kupotezea watu wakati. Mimi nakiangusha tu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Aibu. Ufukweni, mama anayetia dawa ya kipindupindu katika bido, madumu ya maji ya watu, alinitilia na mimi. Nikamshukuru. Nikamwomba hata aongeze, maana wazazi wangekuwepo.

Labo ilijaa. Nikaona viduara vyenye ukingo mweusi, nikatangaza jamii mpya ya vijidudu. Makofi. Mzee Uwimana, mzazi, akainama kutazama. Akaniambia, “Prof, inatembea juu weye unasukuma kioo.” Nikaacha kusukuma. Vikasimama.

Fabiola akasema kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma, kwamba hayo ni mapovu ya hewa. Akauliza maji yangu yametoka wapi. Nilipojibu, watu wakacheka: dawa ilikuwa imeua kila kitu. Yeye akaweka tone lake, nyuzi chache za pamba za kupunguza mwendo wa vijidudu, akashusha kioo taratibu kwa ncha ya sindano. Nikatazama. Vilikuwa vinaogelea, vinagonga pamba, vinarudi nyuma. Vizuri mno. Nilisahau kumchukia kwa dakika nzima.

Ufunguo amepewa.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimetafakari wakati wa mahubiri. Kosa ni la yule mama. Prefe anasema ufunguo utajadiliwa tena baada ya Pasaka, lakini mimi sisubiri. Leo nimechota maji katika mashamba ya mpunga ya Kiringye, ambako hakuna mtu wa kutia dawa. Kesho yanaingia mikroskopini. Ni machafu kupita kiasi, kwa hiyo mke wangu, Émérance, anayachemsha kwanza.