Soneti Iliyokatikia Mstari wa Nane

Kwako Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi,

Salamu kutoka Pasua, Moshi, ninakotengeneza simu za watu na kuharibu maisha yangu. Mimi ni mfuasi wa darasa lako la soneti gazetini, na kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Ulitufundisha kwamba soneti ya Kiitaliano huleta shida kwa mistari minane, kisha hugeuka na kuitatua kwa sita. Nikamposa Doris kwa soneti hiyo, kwao Marangu, mbele ya wazee na mbege yao, pombe ya ndizi. Katika minane nilieleza kwa nini simfai: mvivu, mwoga wa ng'ombe, sijui mgomba wa kupika wala wa mbege. Nikavuta pumzi ili nigeuke. Baba yake, Mzee Melkior, akanishukuru kwa kusema kweli, akafunga kikao kwa sala. Kata ya mbege ikanipita.

2. Nikamwandikia mzee soneti ya Kiingereza: beti tatu za mistari minne, na miwili ya kufungia. Kila ubeti uliomba radhi upya. Akajibu kwamba yeye si kiziwi, ubeti wa kwanza ulimtosha. Ile miwili yenye jambo lenyewe hakuifikia.

3. Nikajaribu ile ya mnyororo, ambayo kina cha ubeti mmoja lazima kiingie ubeti unaofuata. Nilianza na "adabu" na "taratibu." Ubeti wa pili ukadai mengine mawili. Nikapata "ajabu," kisha, Ndugu Mhariri, kina kikamwotesha mama mkwe sharubu. Mama wa watu hana hata unywele mmoja juu ya mdomo. Naona aibu mpaka leo.

Kwa kuwa kosa haliwezi kuwa langu, naomba soneti zote nchini zikatwe, zianzie kwenye neno "lakini." Nampenda Doris, sitaki mwingine. Hilo ni mstari mmoja tu, na ningelisema vile vile, bila kina, sasa hivi ningekuwa mume wa mtu.

Nisalimie mchora katuni, wapiga chapa na mama wa chai hapo ofisini.

Wako aliyeishiwa mizani,
Praygod, mshairi mstaafu

Nyongeza: Mjomba Ildefonce amepeleka Marangu jani la sale, la kuombea radhi. Mzee Melkior amelipokea, ila anauliza mistari sita iko wapi. Kumbe naye husoma ukurasa wako. Anasema alisubiri nikivuta pumzi mpaka mbege ikachacha. Ni kweli. Mistari hiyo sikuwa nimeitunga, nilidhani itakuja yenyewe. Jioni hii Doris amenitumia yote sita, na wa kwanza unasema, "Lakini mvivu huyu ndiye wangu." Tafadhali uchapishe soneti nzima Jumapili, mistari kumi na minne, usikate hata mmoja.